Eda Nyuma ya Jukwaa

Maji yalikatwa Jumatatu. Sitara alifungua bomba la uani, likakoroma, likatema kutu, likanyamaza. Akadhani ni mgawo, maana mgawo wa maji mjini hapa ni mgeni asiyepiga hodi. Lakini upande wa pili wa ukuta, kwenye vyoo vya wateja, fundi rangi alikuwa anaosha brashi zake kwa maji tele huku akipiga mluzi. Ndipo Sitara alipoelewa kuwa ukame ule ulikuwa na mwenyewe.

Hakuweza kutoka kwenda kuuliza. Alikuwa eda. Mumewe, Uledi, mlinzi na mfungua milango wa Ukumbi wa Mshikamano tangu ujana wake, alikuwa amefariki, na mjane wake alitakiwa akae miezi minne na siku kumi katika nyumba aliyofiwa, bila manukato, bila dhahabu, bila kwenda panapochezwa wala panapochekwa. Sasa nyumba yenyewe aliyofiwa ilikuwa vyumba viwili nyuma ya jukwaa la ukumbi wa starehe, pale Mchafukoge, karibu kabisa na zogo la Kariakoo. Mungu ana mambo yake. Na wenye ukumbi, walioununua mwaka juzi kwa watoto wa mmiliki wa zamani, walikuwa wanavitaka vyumba hivyo.

"Wanavitaka kwa ajili ya wasanii," Najma alimweleza jioni, akivua viatu. Najma alikuwa binti yake wa pekee, mwenye miaka ishirini na minne, muuzaji wa duka la mapazia Kariakoo, na alikuwa amesimama tangu asubuhi. "Jumamosi wanasherehekea miaka sitini ya ukumbi. Wasanii wakubwa wanataka chumba cha kubadilishia nguo, chenye choo chake na kiyoyozi."

"Mimi nilipokuwa naimba hapa nilibadilishia nyuma ya pazia," Sitara alisema. "Baba yako akinishikia taa, uso kageuza ukutani. Na ukumbi ulikuwa unajaa mpaka watu wanakaa madirishani."

Najma alikuwa ameyasikia hayo mara nyingi mno, naye hakucheka. Alichukua ndoo mbili akaenda kuomba maji kwa Jovitha, mama lishe wa Kingoni aliyepika kwenye kichochoro kando ya ukumbi. Alirudi nazo zimejaa, akaziweka chini, akajikanda mabega. Kesho yake akaenda tena alfajiri, kabla ya kazi, na kesho kutwa pia.

Jumatano wakafunga mlango wa uani.

Meneja wa ukumbi alikuwa kijana anayeitwa Shaibu, mtu wa suruali za kubana na maneno laini. Alikuja mwenyewe kueleza, akasimama nje ya pazia kwa kuwa alijua mwanamume haingii ovyo kwa mwenye eda. Adabu alikuwa nayo, huyo. Wabaya wenye adabu ndio wanaochosha, kwa sababu hata matusi huna pa kuyaanzia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mlango wa uani umefungwa."

"Ni mambo ya usalama tu, mama. Kuna vyombo vya muziki vya watu vimewekwa kule, vya gharama."

"Na choo changu kiko uani."

"Utatumia vya ndani, mama. Vipya kabisa, vina marumaru. Unapita tu hapo nyuma ya jukwaa, unavuka ukumbi, umefika."

Basi ikawa kila haja ni safari. Sitara akajifunika mtandio mweupe mpaka puani, akavuka ukumbi katikati ya mafundi rangi, mafundi umeme na vijana wanaobeba viti, kopo la maji mkononi, wote wakijua anakokwenda na wakikadiria atakaa muda gani. Mara ya kwanza waliinamisha macho. Mara ya tatu walishazoea. Mmoja aliyekuwa juu ya ngazi alimwona anapita na nguo zake nyeupe za eda kutoka utosini hadi miguuni, akawaambia wenzake, "Mpisheni bibi harusi." Wakacheka, si sana, ila vya kutosha. Siku hiyo Sitara hakunywa maji tena hadi usiku, ili asilazimike kuvuka tena.

Ni kwenye safari hizo alipoliona lile bango. Lilikuwa limetandazwa sakafuni likisubiri kutundikwa, kubwa kama turubai la harusi. Limeandikwa: MSHIKAMANO, MIAKA SITINI YA NDOTO YA FAMILIA MOJA. Chini yake picha ya tajiri aliyeununua ukumbi, na nyingine ya marehemu baba yake, ambaye Sitara alimfahamu vizuri sana kama muuza samli aliyewahi kufukuzwa mlangoni na Uledi kwa kutaka kuingia bila tiketi. Alisimama akalisoma lote, kopo mkononi. Kisha akaenda zake chooni.

*

Mtu anaweza kuuliza: ukumbi ni wao, kwa nini wasimtoe tu? Shemeji yake, Mwinyimvua, mdogo wa marehemu, alikuja Jumatano hiyo hiyo kumfafanulia jambo hilo bila kukusudia.

"Shemeji, mimi nimemuuliza Sheikh Abubakary," alisema baada ya kuketi na kujipepea kwa kofia. "Amesema mwenye nyumba akikutoa, unahama, unaimalizia eda yako kwingine. Huna dhambi hata chembe. Mimi kule Chanika nina chumba. Hakijapigwa plasta, lakini kina mlango."

"Amesema mwenye nyumba akinitoa."

"Ndiyo."

"Basi anitoe. Aje aseme kwa mdomo wake, 'Sitara, toka.' Nitatoka saa hiyo hiyo na godoro kichwani."

Mwinyimvua alikuna kidevu. "Mambo ya kistaarabu hayaendi hivyo, shemeji. Wao wanataka muelewane. Wana hata kifuta jasho kidogo."

"Ulichokipokea ni kiasi gani?"

Mwinyimvua alitazama dari kama anayetafuta panapovuja, na kwa namna alivyotazama Sitara alijua kuwa kifuta jasho kimekwisha fika Chanika na pengine kimekwisha kuwa mabati.

Hapo ndipo mambo yote yalipokaa. Ukumbi ule ulikula kwa harusi, kwa sendofu za kuwaaga mabinti, kwa shughuli za kina mama wa Ilala, Buguruni na Magomeni, na wengi wao ni watoto wa Kiislamu. Mama gani angempeleka binti yake akakalie kiti cha bibi harusi mahali alipotupwa nje mjane aliye eda? Nuksi hiyo ingefika Temeke kabla kirikuu kilichobeba vyombo vyake hakijafika taa za Kamata. Tajiri alilijua hilo, na amri aliyompa Shaibu ilikuwa fupi: atoke, lakini atoke mwenyewe. Sitara naye alilijua. Neno moja la "toka" lingewakosesha pesa yao, na kwa kuwa hawakuthubutu kulitamka lilikuwa kinga yake, na kila upande ulikaa palepale ukisubiri mwenzake achoke kwanza.

Alitaka nini hasa? Hakutaka vyumba milele, hakuwa mjinga. Alitaka kuimaliza eda ya Uledi pale Uledi alipokatia roho, kwenye kitanda kile, akisikia viti vikiburuzwa upande wa pili kama alivyovisikia miaka yote ya ndoa yao. Ilikuwa imefika nusu tu. Baada ya hapo wangeweza kupageuza hata zizi la ng'ombe.

"Shemeji una kichwa kigumu," Mwinyimvua alisema akiinuka.

"Ndicho alichokioa kaka yako."

*

Alhamisi Shaibu akarudi na sauti mpya. Akasema wamefanya makosa. Bango halikutaja historia sawasawa, na yeye kama kijana anaona aibu. Nani mwingine aliyebaki hai anayeijua Mshikamano? Kama mama angekubali kusimulia tu, bila kutoka chumbani, bila kuonekana, sauti tupu, wangeiweka siku ya sherehe na jina la mzee Uledi lingetajwa mbele ya wageni wote.

"Mimi siongei na simu ya mwanamume," Sitara alisema kutoka ndani ya pazia.

"Najma atakurekodi, mama. Kwa simu yake mwenyewe."

Hapo alimpata. Kila mtu ana mahali pake panapowasha, na ukimkuna hapo atakufungulia mlango mwenyewe. Sitara angeweza kukataa pesa, chumba cha Chanika na maji ya bomba, lakini jina la Uledi kutajwa mbele ya watu, hilo hakuweza.

Usiku ule, baada ya isha, Najma aliweka simu juu ya kinu kilichopinduliwa, na mama yake akasimulia. Akasema ukumbi ulijengwa na makuli wa bandarini, wanachama wa klabu yao ya dansi, waliokuwa wakibeba matofali Jumapili baada ya kubeba magunia wiki nzima. Akasema kiwanja kilikuwa ghala la nazi kavu, na miaka ya mwanzo mvua ikinyesha ukumbi ulinuka mafuta mpaka wachezaji wanaona njaa. Akasema palipigwa dansi, pakapigwa ngumi, pakapigwa kura. Kwamba Idd pili palikuwa na disko toto, na Uledi akiwapanga watoto mstari kwa fimbo asiyowahi kumchapa nayo mtu. Akasema walokole walikodi asubuhi za Jumapili na taarabu wakakodi jioni, na Uledi alifagia katikati, akiwakuta hawa wameacha vitambaa vya machozi na wale vipande vya noti zilizochanika kwa kugombea kumtunza mwimbaji. Klabu ilipokufa, mtunza fedha wake ndiye aliyejikuta na hati, na watoto wake ndio waliouza. Yote aliyasema, akitaja majina.

"Umemaliza, mama?"

"Nimemaliza. Zima."

Najma akaigusa simu. Kisha akaja kukaa mkekani karibu na mama yake, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu wiki ya msiba, na Sitara akafurahi hata akamsogezea mto.

"Huo wimbo," Najma alisema, "uliokuwa unauimba siku baba alipokuona. Ulikuwaje?"

"Mtoto wewe, niko eda."

"Kidogo tu. Mimi na wewe tu humu."

Sitara alitazama pazia, akatazama kitanda cha marehemu. Moyo wa mtu mzima nao una utoto wake. Akaimba kwa sauti ya chini, ile ya kubembelezea, mstari mmoja tu:

*Kiti nilichokikalia, wawili hatutoshei.*

Akanyamaza haraka, akaomba Mungu amsamehe. Najma alimshika mkono. Walilala hivyo hivyo mkekani, na Sitara aliamka akiwa mwepesi kuliko siku zote za eda yake.

*

Aliyemletea habari ni Jovitha. Ijumaa kabla ya adhuhuri alikuja na uji, akauweka chini, akasimama tu.

"Dada," alisema, "mimi si wa dini yenu, labda sijui. Lakini hii ni ruhusa?"

Akamwonyesha simu. Kulikuwa na picha ya Sitara wa zamani, wa umri wa Najma, midomo myekundu, mabega wazi, dhahabu shingoni, mkono umeinuliwa. Chini yake ilikwenda sauti yake ya jana usiku, imetiwa ngoma na kinanda: *Kiti nilichokikalia, wawili hatutoshei.* Na maandishi ya kumetameta: MALKIA WA MSHIKAMANO ARUDI JUKWAANI. JUMAMOSI HII. USIKOSE.

Makuli hawakuwamo. Uledi hakuwamo. Katika maneno yote aliyosema usiku ule, walibakiza mstari mmoja aliouimba.

"Imefika wapi hii?" Sitara aliuliza.

"Dada, ipo kila mahali. Hata mteja wangu wa Tandika kanitumia."

Mchana ule hakuja mtu kumsomea Qurani. Kila Ijumaa walikuja wanawake wa mtaani, wakiongozwa na Bi Swaumu, wakakaa naye mpaka alasiri. Leo mkeka ulitandikwa ukabaki mtupu. Alisikia sauti ya Bi Swaumu kichochoroni, chini ya dirisha, akizungumza na mwenzake kwa ile sauti inayosemwa kwa mmoja ili isikiwe na mwingine.

"Nguo nyeupe siku hizi zina kazi nyingi, shoga. Wengine wanavaa kwa msiba, wengine kwa shoo."

Sitara alisimama katikati ya chumba akashindwa kukaa wala kutembea. Aliona aibu, na ndani ya aibu hiyo kulikuwa na hasira isiyojua iende kwa nani. Alimsubiri Najma hadi jioni.

"Alfajiri nilimpa Shaibu simu ahamishe mwenyewe yale ya historia," Najma alisema, macho kwenye mkoba wake. "Kumbe ilikuwa haijazima. Akachukua yote."

"Na picha?"

"Picha sijui."

Picha ile ilikuwa moja tu duniani. Ilikuwa katika sanduku chini ya kitanda, pamoja na vitu vya Uledi, na vitu vya Uledi alikuja kuvikusanya Mwinyimvua siku ya arubaini. La kuvunda halina ubani. Sitara akajiambia kwamba shemeji aliyeweza kula kifuta jasho cha mjane hashindwi kuuza na picha yake.

Na Mwinyimvua, kana kwamba ameitwa, akaingia baada ya magharibi bila hata salamu.

"Umeniaibisha msikitini. Nimetoka kuswali watu wananionyesha simu. Mke wa kaka yangu, eda haijaisha, anatangazwa kama mwali wa ngoma."

"Picha uliwapa wewe."

"Picha gani? Mimi nilichukua kanzu na saa, na saa yenyewe haitembei." Akavua kofia, akaivaa tena. "Eda umeivunja mwenyewe, shemeji, kwa hiyo hakuna tena cha kukalia hapa. Kesho saa kumi kirikuu kinakuja. Utatoka, au nitakutoa mimi niliye mwanamume wa familia hii."

Alipoondoka, Najma alisema polepole, "Mama, twende tu."

"Hata wewe."

"Hata mimi. Wewe unakaa, mama. Mimi ndiye nateka maji, mimi ndiye nakuombea mafuta ya taa, mimi ndiye naulizwa dukani kama mama yangu bado ana akili. Eda umekaa wewe lakini aliyefungwa ni mimi."

Sitara alijua kuwa ni kweli. Akazima taa mapema.

*

Jumamosi alasiri ukumbi ulianza kujaa. Walikuja kina mama kwa vikundi vyao, kila kikundi na sare yake, kilemba na kilemba, udi na manukato yakipita mpaka chini ya mlango wa Sitara. Fundi wa sauti alikuwa anajaribu spika iliyoelekezwa ukutani kwake, moja, mbili, moja, mbili, na vikombe kwenye kabati vikiitikia.

Sitara alitawadha kwa maji yaliyobaki kwenye kopo. Akajifunga mtandio wake mweupe, akafungua mlango unaotokea nyuma ya jukwaa, na badala ya kuvuka haraka kama ilivyokuwa desturi yake wiki ile, alishuka ngazi za mbele, akavuta kiti kimoja, akakiweka katikati ya sakafu ya kuchezea, akakaa.

Kelele zikashuka. Kuna aliyesema, "Si ndiye huyo? Kaja kuimba." Kuna aliyemwambia anyamaze. Bi Swaumu, aliyekuwa safu ya pili na sare ya zambarau, alikaza macho kwenye mkoba wake.

Shaibu alikuja mbio, kisha akakumbuka kuna watu, akatembea.

"Mama, karibu. Kuna tatizo?"

"Hakuna tatizo, mwanangu. Nimekuja unitoe."

"Nani kasema unatolewa?"

"Umenifungia maji. Umenifungia choo, nikapita na kopo mbele ya wanaume. Umenipaka rangi za ujana wangu ukanitangaza mji mzima kwamba narudi kuimba na mume wangu hajaoza." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, lakini ilikuwa sauti iliyojifunza kazi yake humo humo ndani, na ilifika nyuma bila spika. "Sheikh amesema mwenye nyumba akinitoa, nitoke. Sijakataa. Sema tu neno lenyewe, kina mama hawa wakiwa mashahidi. Sema, 'Mwenye eda, toka.' Kirikuu kipo nje."

Hakuna aliyefungua soda. Shaibu aliwatazama wale wanawake, kikundi kwa kikundi, mama wa mabibi harusi wa mwaka huu na wa mwakani, nao wakamtazama.

"Hakuna anayekutoa, mama," alisema.

"Sikusikia vizuri."

"Hakuna anayekutoa. Kaa mpaka umalize."

"Na mlango wa uani?"

"Utafunguliwa."

"Na maji?"

"Leo leo." Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Na kwa sababu mtu aliyebanwa hutafuta wa kubanwa naye, akaongeza, "Lakini lile tangazo, mama, tusilaumiane. Tulipewa na familia yako."

Macho yote yakamwendea Mwinyimvua, aliyekuwa amesimama mlangoni na mpira wa kufungia godoro mkononi. Alipauka.

"Wallahi picha ile mimi sijawahi kuiona," alisema. "Pesa nilichukua, naam, nilichukua. Mungu atanihukumu kwa hilo. Picha sikutoa."

Sitara alimtazama, na akaona kuwa hasemi uongo. Mtu hakiri wizi mmoja mbele ya ukumbi mzima ili aufiche mwingine mdogo zaidi. Basi akageuza shingo taratibu kuelekea meza ya mapokezi, alikokuwa hajaangalia tangu aingie, maana hakutegemea kumkuta mtu anayemjua. Pale alikaa Najma, na fulana nyekundu ya ukumbi, anawafunga wageni utepe mkononi.

"Mimi," Najma alisema.

Alisimama. Hakulia, na hilo lilimuuma mama yake kuliko kama angelia.

"Waliniambia nitapata kazi hapa, ya kudumu, ya kukaa kwenye kiti. Na chumba Bungoni, chenye bomba ndani. Chumba cha sisi wawili, mama. Nikawaza ukikasirika utatoka, na ukitoka tutaishi kama watu. Sikujua wataandika vile."

"Simu uliizima?"

"Hapana."

"Uliponishika mkono, ilikuwa inarekodi."

"Ndiyo."

Bi Swaumu alisema, "Astaghfirullah," lakini kwa nafsi yake. Jovitha, aliyekuwa ameingia na sinia la sambusa, alibaki nalo mikononi.

Sitara aliinuka kwenye kiti. Alikuwa ameingia humo kutafuta neno moja litoke kinywani mwa mtu mwingine, na mtu huyo ameshindwa kulitamka. Ameshinda, na kila mtu ndani ya ukumbi aliona kuwa ameshinda. Akamwendea binti yake mpaka wakakaribiana. Alitaka kumpiga. Alitaka pia kumrekebishia kola ya fulana, iliyokuwa imekunjika upande mmoja. Hakufanya lolote katika hayo mawili.

"Ulisema umefungwa," alimwambia.

"Nilisema kwa uchungu, mama."

"Ulisema kweli. Mimi nimeitaka haki yangu, nikaitaka kwa mgongo wako. Hilo ni kosa langu, na leo nalimaliza." Alivuta pumzi. "Toka, Najma. Kachukue nguo zako, toka. Nenda Bungoni kwenye bomba lako."

"Mama, watu wanatusikiliza."

"Jana walinisikiliza mimi."

"Nikitoka hivi, sirudi."

Wanawake waliokuwa karibu walisogeza viti vyao nyuma kidogo, kama wanaompisha mtu aliyekwisha anza kutembea. Najma alivua utepe aliokuwa nao mkononi, akauweka mezani, akaunyoosha vizuri, bado anasubiri. Alikuwa na uso wa Uledi, hilo hakuna aliyewahi kulibishia.

"Baba yako dini imenipa miezi minne na siku kumi za kumlilia," Sitara alisema. "Kwa mwingine yeyote, hata mtoto wa kumzaa, mwanamke amepewa siku tatu, na zako zimeanza leo."

Akamgeuzia mgongo, akapanda ngazi za jukwaa, na fundi wa sauti akasogeza nyaya zake ampishe.